Mikate ya Siku ya Tatu

Mtaani walimwita Mama Zipu, na jina lenyewe hakulichagua. Alishonea kwenye chumba cha mbele, mlango wazi, na waliomletea suruali zenye zipu mbovu walikuwa wengi kuliko waliomletea vitambaa vipya. Hakuwa msemaji. Akimpenda mtu alimshonea kitu. Akikasirika alishona kwa kasi zaidi, na mteja mwenye akili aliaga mapema.

Aliolewa ana miaka kumi na tisa na fundi wa friji, mtoto pekee wa mjane. Mjane huyo, mama mkwe wake, ndiye aliyemfundisha mapishi ya mfungo. Siku tisa za Devi, mungu wa kike wa Wahindu, kila mwaka, nafaka hazigusi mdomo: mchele, ngano, mahindi, vyote vinabaki kabatini. Kitunguu marufuku. Chumvi ya kawaida huwekwa kando, hutumika ile ya mawe. Kinacholiwa ni viazi, ndizi, karanga, maziwa, matunda, punje nyeupe za wanga wa muhogo, na mikate ya unga mweusi-mweusi wa mbegu ambazo dini haizihesabu kuwa nafaka. Mama mkwe alikuwa bingwa wa jiko hilo. Viazi vyake vya karanga vilikuwa vitamu kiasi kwamba mwanawe, ambaye hafungi hata nusu siku, aliusubiri mfungo kwa hamu kuliko waumini.

Mama mkwe hakufunga kwa mazoea tu. Mwanawe huyo alipokuwa na miaka mitatu alipatwa na homa ya uti wa mgongo, madaktari wakakata tamaa, naye akaweka nadhiri: mtoto akipona, atafunga siku tisa kila mwaka mpaka afe. Mtoto akapona. Nadhiri ikafika mwaka wa thelathini na nane bila kukatika hata siku moja. Ndipo figo za mama mkwe zikaanza kufa.

Kliniki waliwapa karatasi ya vyakula. Mama Zipu aliibandika kwenye mlango wa kabati, akaisoma, akaguna. Viazi, hapana. Ndizi, hapana. Karanga, hapana. Maziwa na ule unga mweusi, kidogo sana. Chumvi ya aina yoyote, hata ya mawe, hapana. Muuguzi alikuwa amewaeleza kwamba vyakula vile vina potasiamu nyingi, na figo zikishindwa kuitoa hujaa kwenye damu mpaka moyo usimame. Wali mweupe, ndiyo. Mkate wa ngano, ndiyo. Yaani karibu kila alichoruhusu Devi daktari alikikataza, na alichoruhusu daktari kilikuwa haramu kwa Devi. Mtu angekaa chini makusudi kuwatesa wanawake wawili wa jiko moja, asingebuni kitu kibaya kuliko hicho.

Kuhani aliitwa nyumbani. "Mama, mgonjwa amesamehewa," akasema. "Devi hataki roho yako."

"Wasamehewe wagonjwa wengine," mama mkwe akajibu. "Mimi nilimwahidi, akanipa mtoto. Sasa nimwambie nini, kwamba mtoto nimeshapokea, kwa hiyo tuyaache?"

Kuhani akamaliza chai yake akaondoka. Mwana akagomba, akapiga meza, akaenda kazini. Jiko likabaki la Mama Zipu.

Alipiga moyo konde. Alikaa na karatasi ya kliniki na mfungo kichwani, akatafuta kile ambacho pande zote mbili hazikukikataza: tufaha, tango, na punje za wanga zilizochemshwa kwa maji matupu. Kwa siku mbili mama mkwe alikula vijiko vitatu vitatu, akasema asante, akasukuma bakuli. Siku ya tatu asubuhi alianguka bafuni. Mama Zipu alimnyanyua peke yake, na kilichomtisha ni jinsi alivyokuwa mwepesi. Akamlaza, akarudi jikoni, akashika tama mbele ya lile kabati.

"Nipikie viazi tu," sauti ikatoka chumbani. "Kidogo tu, mwanangu."

Akatoa mchele. Akausaga kwenye mashine ndogo ya viungo, akiwa amefungulia redio ili mlio usisikike, akachanganya vikombe vitatu vya unga huo na kimoja cha unga mweusi. Mikate ilitoka na rangi ile ile. Ugonjwa ulikuwa umeharibu ulimi wa mama mkwe, kila kitu alikisikia kama chuma, kwa hiyo hakugundua. Alikula miwili. Jioni akala mitatu. Mama Zipu alimtazama akitafuna, kisha akaenda kuifuta mashine unga wa mchele.

Siku tisa zikaisha, mama mkwe akiwa anatembea mwenyewe. Wiki iliyofuata damu ilipimwa, na daktari akafurahi. "Chochote mnachofanya, endeleeni nacho," akasema.

Sasa nani angemzuia? Mama mkwe alirudi nyumbani uso unang'aa. Kila aliyepita mlangoni alisimuliwa kwamba Devi amemponya kwa mfungo. Chakula cha mchana kilipoisha akatangaza kwamba kuanzia mwezi ule atafunga siku tisa kila mwezi, na mfungo wa kwanza atauanza kesho, kwa dada yake mkubwa anayeishi ghorofa ya juu ya jengo lao. Watafunga pamoja, dada atapika. Dada huyo aliamini viazi vinafaa kila ugonjwa.

Mama Zipu alimfuata chumbani, akakuta anakunja nguo. 

"Mama, usiende. Haikuwa mfungo. Ile mikate ilikuwa ya mchele."

Mama mkwe aliendelea kukunja blauzi mpaka mwisho. "Tangu lini?"

"Siku ya tatu."

"Basi nina siku mbili tu," akasema polepole. "Saba bado nadaiwa. Na nadhiri hiyo ndiyo uhai wa mwanangu, unalijua hilo?"

Hakufoka, na heri angefoka. Alibeba mfuko wake akapanda ngazi akishika ukuta. Mwana alimfuata, akabembeleza, akarudi peke yake. Mama Zipu alipanda na karatasi ya kliniki. Dada mtu akaipokea kwa vidole viwili, akaiweka juu ya friji bila kuisoma. "Kwangu hatalishwa najisi," akasema.

Siku ya nne ya mfungo huo Mama Zipu alipanda tena na bakuli la punje za wanga. Mama mkwe alikuwa kitini, miguu imevimba, midomo inamcheza. Sahani ya viazi vya karanga ilikuwa pembeni, imebaki nusu.

"Hizi hazina mchele, Mama. Naapa."

"Najua. Weka hapo." Hakuligusa bakuli. Alimtazama bila hasira, na hilo lilimkata maini Mama Zipu. "Siku ile niliyoanguka," akasema, "ungekuja ukakaa kitandani, ukaniambia, Mama, kula wali kwa ajili yangu. Ningekula."

"Kuhani alikuomba, ukakataa."

"Kuhani si mwanangu."

Alifariki kesho yake mchana, kabla daktari hajafika. Moyo ulisimama, kama walivyoambiwa. Kwenye msiba dada mtu alimwambia kila mmoja kwamba marehemu ameondoka akiwa safi, na hakuna aliyembishia.

Mume wa Mama Zipu humuuliza mara kwa mara mama alisema nini siku ile alipompelekea bakuli. Humjibu kwamba hakuwa na nguvu za kusema. Yeye mwenyewe ana miaka ishirini na mbili katika nyumba ile, na akihesabu, hakuwahi kumwomba mama mkwe wake kitu hata kimoja. Alidhani hiyo ndiyo heshima.