Fundi Aliyefyata Ulimi

Mpaka uzeeni, shangazi hakuacha kubana pini midomoni. Kimto cha kuzichomekea kilikuwepo kando ya cherehani, lakini yeye alizibana nne au tano kwenye midomo, na hapo hata umwambie nyumba inaungua, angekuitikia kwa nyusi.

Siku moja alikuja mteja mwenye mdomo mpana, kavaa gauni lililomkaba kama soksi.

"Umelipunguza wewe! Au mimi nimenenepa kwa usiku mmoja?"

Shangazi, pini midomoni, anamfumulia mshono wa ubavuni.

Mteja akawageukia waliokuwa wakisubiri zamu. "Mwoneni, fundi wenu kafyata ulimi! Kosa lake analijua."

Mteja alipoondoka, binti wa kaka yake shangazi, yatima aliyemlea tangu akinyonya, alikuwa amefura kwa hasira. "Shangazi, mbona umemwacha akuseme hivyo?"

Shangazi akazitoa pini moja moja. "Anayefyata mkia kwa woga ni mbwa, mama. Mimi ulimi naufyata nikijua ukitoka utang'ata mtu." Akachungulia mlangoni. "Na kweli kanenepa."

Walicheka mpaka machozi.

Binti akakua, akasoma, akapata kazi ya uuguzi mji wa mbali. Kila alipopiga simu alisubiri neno moja tu: rudi. Angelisikia, angefunga virago siku hiyo hiyo. Lakini shangazi alimsimulia mvua, zipu mbovu za siku hizi, na mteja yule yule na mdomo wake. Jioni moja binti akajikaza.

"Nikiomba uhamisho nije huko, unaonaje?"

Upande wa pili wa simu cherehani ilinyamaza.

"Kazi ni kazi, mama," shangazi akasema mwishowe. "Tulia huko ulikopata."

Binti akaona amekataliwa. Amenizoea nikiwa mbali, alijiambia, na habari ya uhamisho akaizika moyoni miaka mingi. Siku alipouomba, aliuomba mbio mbio, asubuhi, kabla hata ya kunywa chai. Ruhusa ilipotoka, shangazi alikuwa ameshazikwa.

Kilichomkurupusha ni simu ya usiku wa kuamkia asubuhi ile. Walikuwa wameshaagana, kidole kiko tayari kukata, ndipo shangazi aliposema harakaharaka, kama aliyeponyokwa na sahani:

"Chumba chako, mama, bado sijampangisha mtu."