Maneno Mekundu Dukani kwa Mzee Salimu

Mpaka leo nikitaka misumari nazunguka hadi Bonga, wakati duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Salimu liko pua na mdomo na kwetu, na aibu yenyewe nilijitafutia.

Nilikuwa ndiyo kwanza najifunza kuandika programu za kompyuta (lakini mtaa wetu mzima wa Nangara ulishajua), nikamwahidi mzee mfumo wa kutunza hesabu ya bidhaa zake, naye akasema njoo uonyeshe, nikiupenda kazi ni yako. Nikaenda, nikaunganisha laptop na televisheni yake kubwa ya ukutani ili na wateja waone (nani alinituma?), nikawasha, yakatokea maneno mekundu skrini nzima.

Hapo mwenye akili angesoma. Mimi nikafungua grupu la waandishi wa programu kwenye laptop hiyo hiyo, nikaandika, "Shikamooni wakubwa," nikatulia kusubiri marahaba, maana kwetu hutoi shida kabla hujaitikiwa. Wateja wananitazama, mimi natabasamu.

Baadaye mmoja akajibu, "Marahaba. Sema."

"Mfumo wangu umekataa."

"Unasemaje?"

"Umeleta maneno mekundu."

"Yanasemaje?"

"Sijayasoma, ni ya Kiingereza." Nikamtumia picha.

Mzee akavaa miwani, akawa anasoma kwa sauti kila jibu linaloingia pale ukutani: "Dada, hapo pameandikwa faili la bidhaa halipo. Umesoma kweli? Umetafuta mtandaoni kabla ya kutuuliza?" Mama Neema, aliyefuata rangi, alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji. Na faili lenyewe lilikuwa kwenye flashi, flashi ndani ya mkoba, mkoba begani kwangu.

"Mwanangu," mzee akaniambia kwa upole (huo upole ndio ulioniua), "huyu anayekujibu anakaa wapi?"

Nikamuuliza kwa adabu zote, nikidhani mzee anataka kumshukuru. Kumbe anakaa Singe hapo.

"Mwambie aje."

Akaja siku hiyo hiyo, na mfumo aliouweka unafanya kazi mpaka leo. Niliumia, sitaki kudanganya. Siku hizi kompyuta ikikataa nasoma inachosema neno kwa neno, natafuta mtandaoni, nahangaika mpaka kichwa kiniume, ndipo naomba msaada, na ninapoomba nakuwa chumbani kwangu, mlango nimeufunga kwa komeo.