Namba Kumi na Mbili kwenye Diski ya Madame

Hili lilinipata mimi mwenyewe, saa kumi jioni, taa zimewashwa na birika liko mkononi. Sikuwa nimelala. Sikuwa nimekunywa. Ukitaka shahidi, yupo mdogo wangu Odette, yuko Lubumbashi mpaka leo.

Kazi yangu hapa Brussels ni kutunza wazee majumbani mwao. Mwaka ule nilikuwa kwa Madame Vlasta, ghorofa ya tano, mtaa wa Etterbeek, bibi wa Kicheki aliyekuja Ubelgiji akiwa msichana na kuzeekea hapa. Alikuwa na diski moja aliyoipenda: kwaya ndogo ya kwao, watu wachache, hakuna piano, hakuna ngoma, sauti tupu. Mtunzi alikuwa amechukua nyimbo za vijijini, za kuvuna na za kubembeleza watoto, akazipanga upya. Kila siku baada ya chakula Madame ananiambia, "Weka." Naweka. Neno hata moja sikulielewa, lakini baada ya miezi mitano nilizijua zote, kuanzia namba moja hadi ya mwisho, namba kumi na moja.

Kisha mama yangu akafariki. Sikwenda kuzika. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa ofisini zinangojea kufanywa upya, ningetoka, nisingerudi. Unafikiri nililia? Sikulia. Si kwamba nilijikaza, hapana. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa ukafa ganzi: unauona ni wako, ukiufinya huna habari. Naogesha wazee, napanda basi, nakula, nalala.

Wa nyumbani wakaamua kwamba siku ya kuondoa matanga, Jumamosi, mimi kifungua mimba nitaimba kwenye simu wimbo wa mama. Aliutunga mwenyewe, wa kutuita turudi nyumbani giza likianza kuingia. Ndicho kitu pekee nilichoweza kumpa.

Alhamisi, siku mbili kabla, kengele ikalia. Alhamisi ni siku ya muuguzi wa sindano, basi nikafungua bila kuuliza. Akaingia mwanamke wa makamo, koti la kijivu, kimkoba mkononi. Nje mvua ilikuwa inanyesha, koti lake kavu. Lifti ilikuwa imeharibika tangu Jumatatu, na muuguzi wetu hufika akihema. Huyu hakuhema hata kidogo. Niliyaona yote hayo. Hayakunishughulisha.

Madame alikuwa amesinzia kitini, diski inaimba. Mgeni akaketi karibu na redio, akaanza kuifuatisha kwa sauti ya chini, neno kwa neno. Nikammiminia chai. Namba kumi na moja ilipokwisha, akanigeukia.

"Na weye, mama yako alikuwa anaimba nini?"

Kiswahili! Na si Kiswahili cha vitabuni, cha kwetu kabisa, cha mtaani Katuba, Lubumbashi. Mtu mwenye akili zake angedondosha birika. Mimi nilijibu kama niliyeulizwa saa. Nikaimba. Nikauimba wote, na yeye amefumba macho, midomo yake inanifuata nyuma. Kila mstari nilioumaliza, mahadhi yake yaliondoka. Sijui nikuelezeje. Niliumaliza, na hayakuwapo tena.

"Aksanti, maman," akasema. Akatoka.

Chai yake hakuigusa. Nilipoinua kikombe kilikuwa baridi kama kimetoka kwenye friji, na nilikuwa nimemimina maji yanayochemka.

Madame akafumbua macho. "Amekuja?"

"Muuguzi? Ndiyo, Madame."

"Yule si muuguzi. Umempa?"

Nikaweka kikombe mezani.

"Mama yangu pia alimpa," akasema. "Kijijini kwetu, mimi mdogo, nimekaa pale pale naangalia. Namba nne, huo ndio wimbo aliompa. Siku moja nikamwekea mama diski hii. Ilipofika namba nne akaniuliza ni wimbo wa nani."

Kengele ikalia tena. Muuguzi, ameloa, anahema. Nikamuuliza kama amepishana na mtu ngazini. Hakupishana na mtu.

Jumamosi wakaweka simu katikati ya ua, watu wameizunguka. Nikafungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo, lakini mahadhi ya wimbo hayakuwapo, yanapopanda, yanaposhuka, hakuna kitu.

"Yaya?" Odette akaniita, kwetu ndivyo anavyoitwa dada mkubwa. "Tuko tunakungojea."

Nikasikia mjomba akisema, "Mumuache, iko analia." Nilikuwa silii. Odette akaimba badala yangu.

Siku tatu baadaye nilikuwa naongea na Odette kwenye simu, diski ya Madame inaimba. Namba kumi na moja ikaisha, nikainuka kwenda kuizima. Haikunyamaza. Wanawake wa kwaya wakaanza kuimba, taratibu, kwa Kicheki, namba kumi na mbili.

"Yaya!" Odette akapiga kelele. "Nani iko anaimba? Njo wimbo ya mama ile!"

Nikausikiliza huo aliouita wimbo wa mama mpaka mwisho. Ulikuwa mzuri. Sikuutambua. Madame akanishika mkono.

Alifariki majira ya kuchipua, na binti yake akanipa diski. Kwenye kasha zimechapwa nyimbo kumi na mbili, karatasi imezeeka yote sawasawa, hakuna kilichoongezwa. Odette amenifundisha wimbo ule mara nyingi kwenye simu, mstari kwa mstari, narudia. Akikata, sina kitu. Mpaka leo sijamlilia mama.

Basi wewe unayenisikiliza, kama mama yako alikuachia wimbo, wafundishe watu watatu, wanne, leo, usingoje. Na akija mgeni usiyemjua akakuomba umwimbie, hata akikuomba kwa lugha ya kwenu, mwambie hujui kuimba. Mimi nikisema hivyo siku hizi, sidanganyi.