Niru ya Desemba

Juzi kaka yangu alinipigia simu kutoka nyumbani, kule upande wa Kathiani, akaniambia Jumamosi wanavunja ile njia ya Baba waweke matofali ya kabro. Alidhani nitasikitika. Nikamwambia vunjeni, hata mmechelewa. Akauliza kama niko sawa. Niko sawa, rafiki yangu. Ila keti nikueleze, kwa sababu kaka ni kitindamimba, wakati huo alikuwa mgongoni mwa Mama na hakumbuki chochote.

Boma letu liko mteremkoni. Kutoka langoni hadi uani kulikuwa na njia moja nyembamba, kama hatua ishirini za mtu mzima, na huku na huku ua wa kayaba, uleule uliozunguka boma lote. Kama hujawahi kuchomwa na mwiba wa kayaba, mshukuru Mungu wako. Hata mbuzi walikuwa wanauangalia tu na kwenda zao. Mwaka mmoja wa mvua nyingi nyanya yetu, ambaye sote tulimwita Susu, aliugua ghafla, na pikapu iliyokodiwa kumpeleka hospitali Machakos ikashindwa kupanda. Magurudumu yalizunguka kwenye matope mpaka wanaume wanne wakambeba Susu pamoja na kitanda chake. Susu alipona, lakini aibu ile Baba haikumtoka. Mwaka uliofuata akaleta mchanga wa mtoni, kokoto, saruji na fundi, na njia yote ikamwagwa saruji.

Gari hatukuwa nalo, na hatukuwahi kuwa nalo. Majirani walicheka mpaka wakachoka. "Mwalimu, gari iko wapi?" walimuuliza wakipita. Naye bila hata kugeuka: "Gari ni ya watu. Barabara ni yangu."

Sasa, njia isiyopitwa na gari si ingekaa tu miaka bila kuguswa? Thubutu! Kila Desemba shule zikifungwa, watoto wa wenzetu wakienda kwa shangazi zao Tala kununuliwa nguo za Krismasi, sisi tulikuwa magotini. Siku ya kwanza ilikuwa ya brashi ya waya na sabuni ya unga, kung'oa ule ukungu wa kijani unaoota kando ya kayaba. Siku ya pili ilikuwa ya nyufa: unachokonoa majani kwa kisu kikuukuu, unamwaga maji, Baba anaziba kwa saruji na mchanga uliochungwa. Siku ya tatu ndiyo niru. Saruji tupu inakorogwa na maji mpaka iwe kama uji wa mgonjwa, inapakwa kwa ufagio laini, kisha inalainishwa kwa mwiko hadi macho yanateleza juu yake. Baba alianza langoni akirudi nyuma kinyumenyume, akamalizia uani. Maana yake umeielewa: akishamaliza, sote tuko ndani, na niru iko kati yetu na dunia.

Siku tatu hakuna kutoka. Hiyo ndiyo ilikuwa amri. Fundi alisema siku moja yatosha, Baba akaongeza mbili za usalama. Mama alinunua chumvi, sukari na mafuta ya taa mapema, akalalamika kwa sauti ya kusikika kwamba ameolewa kituo cha polisi. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulitokota jikoni tangu asubuhi, harufu yake ikajaa uani, nami nikakaa kwenye ukingo wa njia nikisikiliza nje. Nilisikia punda wakipita na mitungi ikigongana, wasichana wakicheka wakielekea mtoni, mtu akiuza maembe. Nilijua kila sauti ni ya nani na sikuweza kuona hata unyayo wa mmoja wao. Nakwambia kweli, nilitamani kupiga kelele tu bila sababu.

Na kazi yangu ilikuwa maji. Niru isipopewa maji inapasuka. Tangu kesho yake, asubuhi, saa sita na jioni, nilisimama juu pale uani na kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa kwa msumari, nikimwaga polepole ili maji yateremke yenyewe hadi langoni. Watu walikuwa wakitembea saa nzima kutafuta maji, na sisi tunainywesha barabara. Hebu fikiria.

Kando ya lango letu palikuwa na duka. Mwenye duka alikuwa ametoka upande wa Nyeri, akapanga chumba cha mbele na vya nyuma, na binti yake alikuwa rika langu. Miaka mitatu tulikaa dawati moja. Alinifundisha kuhesabu kwa Kikuyu, nami nikamfundisha matusi ya Kikamba, ambayo alimtolea mwalimu wa dini akidhani ni salamu. Mtoni tulichimba mchanga kwa mikono, tukangoja maji yajikusanye, na katika kungoja huko tuliongea mambo yote ambayo watoto wa miaka kumi na miwili huongea. Sikuwa na rafiki mwingine, wala sikumtafuta.

Mwaka ule duka lilikosa wateja, na baba yake akaamua kurudi kwao. Wangehama Jumamosi. Baba alikuwa amepanga niru Jumanne. Nilimwomba asogeze, akasema mfuko wa saruji umeshafunguliwa na hautangoja mtu. Nikahesabu vidole: Ijumaa nitakuwa nje. Nikatulia. Tulikuwa tumekubaliana ataniletea anwani yao mpya, maana simu ilikuwa ya watu wa mjini, na bila anwani mtu akienda ameenda.

Lori likapatikana mapema. Jumanne hiyohiyo, niru haijamaliza hata saa moja, nikasikia injini nje na vitanda vikipakiwa. Kisha yule binti wa duka akatokea langoni akiwa na viatu vya kanisani.

"Tunaenda sasa!" akaita. "Njoo!"

Nilimwangalia Baba. Alikuwa amesimama kando yangu, kikombe cha chai mkononi, akiitazama kazi yake. "Usithubutu," akasema.

Yule binti akaviringisha karatasi kwenye kokoto, akairusha kwa nguvu zake zote. Ikapiga kayaba, ikaanguka kwenye niru, hatua tano kutoka miguu yangu. Hatua tano! Nilikimbia kuleta upondo wa kuangulia maparachichi. Ulikuwa mfupi, na Baba akaushika. "Utaichora. Karatasi haina miguu, utaichukua ikikauka."

Hapo Susu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chake, akafungua mdomo. "Mwache mtoto apite."

"Mama, hii njia niliijenga kwa ajili yako."

"Basi kama ni yangu, mimi nimemruhusu."

 Baba akatazama chini kwenye kikombe. Hakuna mtu aliyekuwa amenishika, rafiki yangu. Nataka ulijue hilo. Lango lilikuwa wazi, Susu ameruhusu, Baba amenyamaza, na yule msichana anaruka kule chini akilia na kucheka pamoja: "Njoo tu! Utachapwa mara moja, iishe!"

Sikwenda. Miguu ilikataa. Nilikuwa nimefundishwa kuiogopa ile saruji miaka mingi kiasi kwamba hata ruhusa haikunifaa. Lori likapiga honi, akaitwa kwa ukali, akanipungia mkono, akapotea nyuma ya kayaba. Nilisikia gia ikibadilishwa kwenye kona, tena kwenye kilima, kisha nikasikia kuku wetu tu.

Asubuhi yake nilipewa kopo langu. Nikajaribu kumwaga upande mmoja ili maji yaipite ile karatasi. Baba akaona pamekauka. "Hapo umeacha." Nikamwaga. Saa sita nikamwaga tena, na jioni. Kwa mikono yangu mwenyewe.

Ijumaa niliibandua. Ilikuwa imekuwa saruji. Nilisoma S.L.P., kisha tarakimu moja ambayo ilikuwa saba au moja, basi. Nilimwuliza mwenye nyumba waliyopanga, akasema wamekwenda huko kwao, kwani kuna nini? Pale karatasi ilipokuwa palibaki shimo dogo. Baba akaja na niru kidogo kwenye karai, akapaka, akalainisha mara mbili, akasimama. Hakukuwa na alama. Alinishika bega akasema mimi ni mtoto mtiifu, na neno hilo mpaka leo mtu akiniita nakasirika.

Duka lile sasa ni kinyozi. Mto umezolewa mchanga na malori mpaka umebaki mwamba, hakuna msichana anayechimba maji pale, na watoto wa kaka yangu huzungumza na marafiki walio ng'ambo kwa simu wakiwa wamelala kitandani. Susu alienda, kisha Baba. Siku tulipomzika, gari lililomleta lilipanda ile njia katika mvua bila kuteleza, na wale majirani waliokuwa wakimcheka walitikisa vichwa kwa heshima. Nililia sana siku hiyo. Nilimpenda, na kuhusu matope hakukosea.

Lakini yule msichana nimemtafuta, na sijui hata jina la baba yake, tulimwita wa duka tu. Sijui kama yuko hai. Hatua tano kwenda, hatua tano kurudi: nyayo kumi. Baba angezifuta zote kabla chai yake haijapoa.