Kompyuta ya Kiherehere

Shangazi yake ndiye aliyempachika jina la Kiherehere, na katika ukoo mzima hakutokea wa kumtetea. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kula amesimama, kufunga kamba za viatu huku anatembea, na kujibu swali kabla halijafika mwisho. Alipokua akachagua kazi inayotaka makalio mazito: kuhariri video za harusi. Katika chumba cha uani alichokifanya ofisi kulikuwa na kiti kizuri cha kuzunguka, lakini mkewe, mshonaji ambaye cherehani yake ilikaa pembe ya pili, alizoea kusema kile kiti kilinunuliwa kwa ajili ya koti.

Kompyuta yake ya mezani alikuwa ameivua ubavu mmoja ili feni zipumue. Hakuridhika na kasi iliyotoka nayo kiwandani. Kila alipopata nafasi aliingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaofunguka kabla kompyuta haijawaka sawasawa, akaiongezea prosesa kasi kidogo, umeme kidogo, kisha akaitwisha mzigo na kutazama joto linavyopanda. Ikizima, anarudi nyuma hatua moja. Njia hiyo ilimfaa, kwa sababu prosesa yake ilikuwa haifichi. Ikielemewa ilichemka, ikaganda, ikazima.

Kisha akaigeukia kumbukumbu, ile RAM, nayo ina tabia nyingine. Ukivikimbiza vile vibao vyake kupita uwezo, kompyuta inaweza kuwaka vizuri tu na kuendelea na kazi, huku kimyakimya inakosea hapa na pale. Dawa yake ni jaribio linaloachwa kutwa nzima bila kuguswa. Kiherehere aliiongezea kumbukumbu kasi, akaliwasha jaribio, akauzunguka ua, akachungulia, akaenda dukani, akarudi mikono mitupu maana alisahau alichofuata, akachungulia tena. Hakukuwa na kosa hata moja.

"Imepita," akasema, akalikatiza.

"Limekwisha?" mkewe akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye pindo.

"Litakwisha tu. Likianza hivi, unajua linakokwenda."

"Hata mimi gauni likikaa vizuri bega moja, simwambii mteja aondoke nalo."

Akacheka, akaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa harusi ya mdogo wake wa kike. Siku ile baba yao, mtu wa maneno mengi na vichekesho virefu, alisimama akawausia maharusi. Baada ya harusi akaingia hospitali kufanyiwa upasuaji wa koo uliokuwa umepangwa tangu zamani, na sauti haikurudi naye nyumbani. Sasa alizungumza kwa mikono na nyusi. Hakuna mtu katika familia aliyewahi kumrekodi, ila kamera ya siku ile.

Kiherehere akanakili kadi zote mbili za kamera, kisha akampigia simu mpiga picha: "Njoo uchukue mali yako."

Alipokuwa akimsubiri akafungua hotuba. Baba akatokea kwenye skrini, akasafisha koo, akasema, "Mwanangu, leo..." Hapo picha ikapasuka vipande vya kijani, na sauti ikakwaruza kama bati linaloburutwa sakafuni. Akawasha kompyuta upya. Palepale. Akafungua video ya bibi harusi akiingia ukumbini. Nayo ilikuwa imechanika. Akachomoa kadi ya hotuba, akaichomeka kwenye laptopu kuukuu ya mkewe. Baba akaongea moja kwa moja, bila mkwaruzo, mpaka watu wakaangua kicheko.

"Kumbe kadi nzima," mkewe akasema.

"Nzima. Mashine yangu ndiyo imeharibu ikinakili."

"Basi nakilia humu kwenye yangu."

"Humu hamna nafasi hata ya picha ya pasipoti!"

Mpiga picha akaingia na begi begani. "Kaka, kadi. Bibi harusi wangu ameshapakwa poda."

"Nipe muda kidogo."

"Si ulisema umemaliza?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Nilikosea. Niachie mpaka kesho."

"Nikikuachia zote nitapiga kwa macho? Nikifika kule nazifuta, naanza upya. Shika moja, nipe moja."

Kiherehere akakizunguka kiti. Kadi ya pili ndiyo yenye mdogo wake akiingia ukumbini, jambo ambalo binti huyo alikuwa akimuuliza kaka yake kila uchao. Akaitazama, akampa mpiga picha, akamgeuzia mgongo asimwone akiondoka.

Akaingia kwenye mipangilio na kufuta kasi yote aliyoijenga, ya prosesa na ya kumbukumbu, kila kitu kikarudi kama kilivyotoka kiwandani. Safari hii aliliacha jaribio liende hadi mwisho wake, ingawa mkewe ilibidi ampe lundo la nguo za kutoa nyuzi ili mikono iache kuifuata kibodi. Lilipomalizika bila kosa ndipo akanakili hotuba.

Mdogo wake akapiga simu. "Kaka, nimetokeaje nikiingia?"

"Mlango unaonekana vizuri."

"Na mimi?"

"Halafu kijani kidogo. Halafu umeshakaa."

Aliyoambiwa baada ya hapo aliyasikiliza amesimama uani, simu mbali na sikio.

Baba alikuja akaketishwa kwenye kile kiti cha kuzunguka. Kiherehere akakaa kwenye kigoda pembeni, akiwa amepania kuitazama hotuba neno kwa neno. Goti lilimruka kama sindano ya cherehani. "Mwanangu, leo..." ikapita salama. Usia ukafuata. Kisha kikaja kichekesho kirefu, kile ambacho baba alikivuruga katikati akalazimika kukianza tena. Mzee akajitazama, mabega yakimtikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Akainua kidole, akakizungusha hewani: rudisha.

"Baba, bado hatujafika nusu."

Kidole kikazunguka tena.

Kiherehere akarudisha, akaivuta miguu chini ya kigoda.