Sauti ya Mama Yangu Imekuwa Kichekesho cha Tamasha

Admin, asante kwa kunifichia jina. Ndugu wa ukurasa huu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, naishi Kindu, sijaolewa, na ni mtoto pekee wa mama yangu. Nawaandikia kwa sababu nimekwama, mbele moto, nyuma moto. Kama kuna anayenijua akanitambua, basi, ndiyo hivyo.

Mama anauza makala sokoni, yaani makaa ya kupikia. Alianza wakati wa vita. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Njia ilipokatika alibaki upande wa Katanga na hatukumwona tena. Mji ukazungukwa, mashambani hakuendeki, na wanawake waliotoka kutafuta sombe, majani ya muhogo, wengine hawakurudi. Mama alikuwa anatoka hivyohivyo, anachoma miti pembezoni mwa mji, anarudi na mzigo kichwani, anaubadilisha kwa muhogo. Mimi, mtoto mdogo, nilifungiwa ndani nikitega masikio. Kabla sijamwona nilikuwa namsikia akiita barabarani: "Makala ya nguvu eee! Moto iko ndani!" Nikisikia hivyo najua mama yu hai na leo tutakula. Hakuna wimbo niliowahi kuupenda kama ule.

Sasa sikilizeni nilichofanya na akili zangu timamu. Nilijiunga na shirika dogo la watu wa kujitolea, tunahamasisha kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kiangazi, wanafunzi wakiwa likizo, matamasha ya muziki yanakuwa mengi, na sisi tunapewa dakika chache kati ya msanii na msanii. Msinicheke, kazi hii naiamini. Mjomba wangu wa Kibombo amelazimika kupanda mpunga upya kwa sababu mvua ilimdanganya, na msitu ambao mama alikuwa anaufikia kwa miguu siku hizi hadi upande pikipiki. Lakini nani anasikiliza hotuba akiwa amekuja kucheza? Watu walikuwa wanatupigia miluzi: "Mushuke! Tunataka muziki!"

Ndipo nikabuni mchezo. Nikajipaka masizi usoni, nikajifunga kitenge kuukuu, nikapanda kama Mama Makala, mwanamke mroho anayekata hata mti unaompa kivuli. Sikuwa nimeandaa maneno. Yakanitoka yenyewe, kwa sauti ya mama, na ule mkwaruzo wake: "Makala ya nguvu eee! Moto iko ndani!" Uwanja mzima ukacheka. Nikawafundisha kujibu, "Zima, mama, zima!" Wakajibu kwa nguvu. Niwaambie kweli, nilisikia raha. Tangu siku ile hatujapigiwa miluzi.

Mama haendi kwenye matamasha. Anajua tu kwamba nafanya "mambo ya miti", na ananiombea. Ila utani ulishuka jukwaani ukaingia sokoni. Mama akiita wateja, vijana wa pikipiki wanamjibu, "Zima, mama, zima!" Watoto wanamfuata. Wanunuzi wanacheka na kupita. Wiki iliyopita alirudi mchana na gunia karibu zima, akakaa bila hata kuvua kandambili.

"Leo nimeuzisha kimya, mwanangu, sawa mwizi. Sikufungua kinywa."

"Ubazoee tu, mama, ni batoto bale," nikamwambia. Mimi huyo!

Akaniangalia. "Ile sauti njo ilikulisha weye. Sasa inakuwa muchezo ya bantu?"

Nikaenda kusonga ugali, juu ya makala yake hayohayo, nikalia huko nikisingizia moshi.

Nilimfuata kiongozi wetu, kaka mpole tu, nikamwomba tuache mchezo ule. Sababu sikumpa, niliona aibu. Akacheka: "Dada, weye njo festival! Bantu banakuya juu ya Mama Makala. Siku ya Posho tunavuka Alunguli, bafadhili batakuwa mbele, na ile kazi ya kudumu banataka kukupa njo hapo iko." Posho ndiyo Jumamosi hii, na Alunguli ni ng'ambo ya mto. Fulana zimeshachapwa, zimeandikwa "Zima, mama, zima!" Na linaloniumiza zaidi ni kwamba mchezo unafanya kazi. Majirani wameanza kununua mbabula za udongo, yale majiko yanayokula makala kidogo, na wanasema wamesikia kwa Mama Makala. Nikijitoa, nawaangusha wenzangu. Nikiendelea, namzika mama akiwa hai.

Nikaamua kusema ukweli. Jumapili tukitoka kanisani nikaanza, "Mama, yule muntu wa mchezo..."

Akanikatiza. "Njo huyo nataka kumuona. Posho unipeleke, weye unazoeana na bale bakubwa. Nitasimama mbele kabisa."

Nikamuuliza atamfanya nini.

"Sitamupiga. Nitamuuliza tu nilimukosea nini. Ule mutoto anajua sauti yangu muzuri sana. Nazani alikulia karibu na sisi."

Tukatembea hadi nyumbani akiniegemea begani, anahesabu majirani wa zamani mmoja mmoja, nani ana binti, nani alihama, nani aliwahi kumchukia. Tangu hapo nimejaribu tena na tena kumwambia, nashindwa. Amemwacha hata jirani mmoja bila salamu, anamshuku binti yake, na yule mama wa watu hajui kosa lake.

Kitenge chake cha kanisani ameshakifua kwa ajili ya Jumamosi. Nikikataa kumpeleka, atakwenda na mwingine. Nikipanda, atanijua kwa neno la kwanza, mbele ya watu wote. Ninyi mlio na mama zenu, nipeni maneno, maana yangu yamekwisha. Nipande jukwaani anione? Au nibaki chini, nimshike mkono, tumngojee pamoja mtu ambaye hatapanda?