Niliharibu Redio Ili Mwalimu Asiondoke

Kwa miezi mitatu nilikuwa naharibu vitu vya nyumba yangu mwenyewe. Makusudi kabisa, na akili zangu timamu.

Nilianza na redio. Ikafuata feni, kisha pasi, kisha saa ya ukutani. Kabla hamjanihukumu, nisikilizeni kwanza.

Mimi ni dereva wa lori mstaafu. Miaka thelathini na nne barabarani, nyumbani nalala siku mbili, naondoka. Mke wangu alikuwa anafundisha shule ya msingi, naye amestaafu. Yeye ananiita Dereva, mimi namwita Mwalimu. Watoto wameshaoa na kuolewa, tumebaki wawili na viti vingi.

Nilipostaafu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilikuwa najilaza kwenye kochi tangu asubuhi, naangalia dari mpaka nikazijua nyufa zake zote. Chai inaletwa, inapoa, inaondolewa.

Mwalimu hakukaa bure hata wiki moja. Alijiandikisha kozi ya kutengeneza vifaa vya umeme, ile ya kusomea kwenye simu. Meza ya kulia ikawa karakana: bisibisi, koleo, mita ya kupimia umeme, kalamu ya moto ya kuchomelea waya. Anavaa miwani, anaifungua redio yetu ya zamani iliyokuwa bubu, anachungulia humo ndani huku anajiimbia.

"Dereva, njoo uone."

"Nimechoka," namjibu. Nimechoka na nini, hata mimi sijui.

Siku moja, kainama kwenye redio, akasema taratibu, "Binti yetu ananihitaji kwake, nikamsaidie wajukuu. Hii redio ikipona tu, nafunga safari. Mwaka mmoja hivi."

Mwaka mmoja.

Yaani maisha yangu yote najiambia nikistaafu nitakaa na mke wangu, sasa nimefika, yeye ndiye anafungasha virago?

Ningemwambia nini? Kubembeleza sikuwahi kujifunza.

Kesho yake alipokwenda sokoni, nikachukua mkasi, nikakata waya mmoja ndani ya redio. Nikarudi kwenye kochi nikajifunika shuka.

Aliporudi aliitazama sana ile redio.

"Nyumba hii ina panya," akasema.

"Wengi tu," nikajibu.

Ilimchukua siku nne kugundua na kurekebisha. Siku ya tano redio ikaanza kukoroma, imebaki kidogo iseme. Nikaona hapa nimekwisha. Kukata waya tena haiwezekani, panya gani huyo hali mkate, anakula redio? Ilibidi sasa niharibu kitaalamu.

Lakini utaharibuje kitu usichokijua?

Bahati nzuri Mwalimu alikuwa na kitabu cha kozi, na kila mara alikuwa anakisahau bafuni. Basi nikawa najifungia humo. Mimi niliyeikimbia shule mapema, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nasoma umeme unavyotembea.

"Tumbo linakusumbua?" ananiuliza nikitoka.

"Kidogo."

Nikaanza kuamka kabla yake. Nikaanza kusogea pale mezani, eti nampa kampani, kumbe napeleleza.

"Hiki kidude cha duara kazi yake nini?"

Ananieleza kwa utulivu, mpaka na mchoro ananichorea.

"Na kikilegea?"

"Redio inanyamaza."

Naweka akilini. Akienda sokoni, nakilegeza.

Redio ikikaribia kupona, feni inagoma. Feni ikizunguka, pasi inakataa kupata moto. Mwalimu anatikisa kichwa: "Siwezi kuondoka nikakuachia nyumba mbovu namna hii." Mimi sura ya huzuni, moyoni nacheka.

Kufikia wiki ya kumi nilikuwa fundi wa kuharibu. Nagusa sehemu moja tu, narudishia skrubu zote, hata vumbi nalirudisha mahali pake. Niseme ukweli, sijajivunia kazi namna ile tangu nipewe leseni ya lori.

Za mwizi ni arobaini. Zangu zilitimia Jumamosi moja asubuhi, Mwalimu yuko uani anaanika nguo, simu yake ikaita. Binti yetu. Nikapokea, nikaona leo niseme kiume.

"Mwanangu," nikaanza. "Najua watoto wanakuelemea. Lakini mama yako niachie. Nimebaki na yeye tu."



"Baba, nikuachie mama vipi? Mimi sijamwita. Watoto wote wanashinda shule, hapa mchana hakuna hata mtu wa kusalimia."

Nikakata simu, nikamsubiri Mwalimu mezani.

Akaingia, akaketi, akachukua bisibisi.

"Binti yako hajakuita."

"Hajaniita," akasema, wala hakuacha kukaza skrubu.

"Umenidanganya miezi mitatu."

"Na wewe umeniharibia pasi mara mbili."

Nikakaa chini polepole. "Ulijua?"

"Dereva, panya anatafuna. Hakati kwa mkasi." Akavua miwani. "Nimefundisha watoto miaka thelathini. Mvivu humwambii soma. Unaacha kitabu mahali anapoweza kukiiba."

Kile kitabu cha bafuni. Kumbe hakuwahi kukisahau hata siku moja.

"Ulikuwa unanifia pale kwenye kochi," akaendelea, sasa sauti imeshuka. "Nilikuwa naogopa kwenda sokoni nikirudi nikukute umekata roho hapo hapo. Chai ulikataa, maneno ulikataa. Nikasema ngoja nimtishe. Siku niliyoona ule waya umekatwa, nililia jikoni kwa furaha. Nikajua mume wangu bado yumo."

Mimi machozi ninayapima. Nililia nilipofiwa na mama yangu. Hiyo ikawa mara ya pili.

"Kwa hiyo huendi?"

"Niende wapi, na mwanafunzi wangu anajua kuharibu tu, kutengeneza bado?"

Siku hizi tuna kalamu mbili za kuchomelea, na tunagombania mita. Yeye ana haraka, mimi ninapenda kuuliza maswali mengi, ananifukuza mezani, narudi. Majirani wanatuletea vitu vyao, vingine navijua ugonjwa kabla hata sijafungua, maana ugonjwa huo niliwahi kuusababisha mwenyewe.

Nyinyi mnaosoma hapa, hasa wanaume wenzangu wenye midomo mizito: unaposikia mtu wako anataka kuondoka na roho inakuuma, mwambie. Ni neno moja tu, usiende. Mimi lilinishinda kulitamka, nikaona rahisi zaidi nijifunze umeme.